Kibaraza Kilichopakwa Mafuta

Siku ile tulikuwepo mimi, wadogo zangu wawili, nkambo yetu aliyemzaa baba, mwenye depo ya unga na mfanyakazi wake. Marehemu naye namhesabu, maana ndiye tuliyekuwa tunaenda kumlilia.

Alikuwa rafiki wa nkambo. Wazazi wetu walipokufa, alilala kwenye mkeka wetu mpaka kilio kilipovunjwa, cha baba na cha mama pia. Kwetu mtu akilala kwenye kilio chako, nawe unalala kwenye chake. Hutumi mwingine.

Nyonga ya nkambo haikubali pikipiki, na taksi haziingii kwenye avenyu yetu tangu mvua zilipochimba makorongo. Alikuwa akitembea na kupumzika. Lakini gogo la mbele ya kinyozi lilichomwa makaa, mti wa avoka ukakatwa ili ukuta upite. Kilibaki kibaraza cha depo.

"Nkambo, tukubebe na burueti," mdogo wangu mmoja alisema, akionyesha toroli la mizigo.

"Burueti iko ya mifuko. Miye niko na miguu."

Alifika kwenye kibaraza akihema, akakaa. Alipojaribu kuinuka ndipo tulipoona: kilikuwa kimepakwa mafuta machafu ya injini, watu wasikae. Kikwembe chake kilikuwa cheusi nyuma kote. Alikinunua pamoja na marehemu, wakakata kitambaa kimoja.

Mfanyakazi alicheka hadi akatua mfuko chini. "Eh, nkambo! Umetiwa huile kama motokari, sasa utaenda mbio!"

Nilimwomba mwenye depo maji na sabuni. Hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Haiko kiti ya kanisa hii. Muzee mwenye hawezi kutembea abakie ku nyumba."

Nkambo alijipangusa kwa mkono, akazidi kuchafuka. "Turudi," akasema. "Siwezi kuikala ku kilio na mavi ya motokari ku matako."

Tulirudi akining'inia shingoni mwangu, hakuna pa kukaa njia nzima.

Nilikwenda mwenyewe kulala kwenye kilio. Siku ya kukivunja nilimwambia binti wa marehemu kwamba nimekaa kwa niaba ya nkambo.

"Hapana, mutoto yangu. Weye umeikala yako. Ya nkambo yako ingali."

Nilimfikishia nkambo maneno hayo. Hakulia. Tangu hapo kila asubuhi anasimama mlangoni, ameshika ukuta, ananiuliza: "Mafuta ile imekauka?"

Haijakauka. Kila Jumamosi wanapaka upya, na kilio cha rafiki yake bado kinamdai.