Muulize Alikula Nini

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila ninapoona daktari kijana akimuuliza mgonjwa huku macho yake yapo kwenye kompyuta. Juzi nilikuona wewe, ndiyo maana nimekuita ukae. Weka simu kwanza. Nimetibu saratani za umio, yaani njia ya chakula, na za tumbo na utumbo, nikazifanyia utafiti mpaka macho yakachoka. Na bado jambo linalonikera ni lilelile: watu wetu wanafika hospitali wakati hata uji haupiti. Nimechoka nalo, sikufichi.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa udaktari niliporudi kijijini kwetu Daudi kwa Krismasi. Wa kwanza katika ukoo kuitwa daktari, hebu fikiria kichwa kilivyonivimba. Nikaenda kumsalimia shangazi Paskalina, dada wa baba, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nilimkuta amekonda.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umerudi."

"Mbona umepungua? Unaumwa?"

"Ni kifua tu, kinaunguza kidogo."

"Na chakula, unakula?"

"Nakula vizuri baba. Tunamshukuru Mungu."

Nikaridhika. Kwetu, ukimuuliza mtu mzima kama anakula, atasema anakula, maana kusema hapana ni kumsema vibaya mkamwana anayempikia, na mkamwana yupo palepale jikoni anasikia. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma, lakini koti jeupe lilinisahaulisha. Nikamwambia ni vidonda vya tumbo, nikamwachia dawa za kupunguza asidi, nikala kuku wake, nikaondoka. Sikuona kwamba sisi wote tulikuwa na ugali na yeye ana kikombe cha uji. Au niliona, nikadhani ni uzee. Mpaka leo sijui lipi ni baya zaidi.

Baada ya Pasaka mwanawe alimleta hospitali niliyokuwa nafanya kazi. Hata maji yalikuwa yanarudi. Tulimpitishia kamera kooni tukakuta uvimbe umeziba umio, na vipimo vingine vikaonyesha umeshafika kwenye ini. Nikatoka nje nikamkuta Sista Eligia, muuguzi wetu mzee, nikaanza kulalamika kwamba watu wetu wanaficha magonjwa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa najitetea, hakuna zaidi.

Sista aliniacha nimalize. Alikuwa mtu wa kijiji cha Bashay, hana haraka na maneno.

"Daktari, kule nyumbani ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza kama anakula."

"Akasema anakula. Sasa amekudanganya wapi? Kwani uji si chakula? Mimi leo asubuhi nimemuuliza mara ya mwisho alimeza ugali bila kuusukuma na maji ni lini. Amenijibu palepale, tangu mavuno."

Mavuno yalikuwa mwezi wa saba. Kwa hiyo siku ile ya Krismasi shangazi alikuwa na miezi mitano ya kusukuma tonge kwa maji, na mimi nilikaa mbele yake natafuna paja la kuku.

Tulimwekea mpira mdogo kwenye umio wa kuiweka njia wazi, akaweza kunywa maziwa. Hakufika mavuno yaliyofuata. Kabla hajafa nilimwomba msamaha, naye hakukasirika, jambo ambalo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Alisema, "Mimi nilifikiri daktari asipouliza zaidi, basi hakuna kitu."

Kwa hiyo usiniletee hapa methali ya mficha maradhi. Kila wiki naletewa mtu kutoka Dongobesh au Katesh ambaye amemeza dawa za vidonda nusu mwaka, na kwenye daftari lake daktari fulani ameandika "anakula vizuri". Nikiyasoma hayo nakasirika kweli, na najua mtu wa kwanza wa kukasirikiwa ni nani.

Sikiliza basi. Ndugu watoke nje kwanza, hasa mkamwana. Salimia shikamoo, kaa chini, usiwe na mguu mmoja mlangoni. Usimuulize kama anakula. Muulize jana alikula nini, na kiliteremka vipi. Ukiwa na wasiwasi, omba ugali jikoni, amege ameze mbele yako, nawe uangalie koo lake na uso wake. Ugali ukikwama, usimpe dawa za asidi arudi nyumbani. Mpeleke kwenye kamera wiki hiyohiyo, hata kama anakuhakikishia hana shida. Wanasema kuuliza si ujinga. Kuuliza ovyo ni ujinga, na huo mimi nimeusomea.

Haya, wagonjwa wanakungoja. Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, na heshima inayojua kuuliza mara ya pili. Wagonjwa wako wazeeke, mwanangu, nawe uzeeke bila kuwa na shangazi wa kumwomba msamaha.