Majina ya Kigiriki Chini ya Mwamba

Mahpareh alizaliwa katika kijiji kilicho chini ya mwamba wa makaburi ya wafalme wa kale, na kwao kulikuwa na mwiko mmoja usiofanyiwa mzaha: ukipita pale, waite wafalme kwa majina yao, la sivyo funga mdomo. Lakini kazi yake ilikuwa kuongoza wageni, na wageni hawamjui mfalme Khashayarsha. Vitabu vyao vimefuata Wagiriki, waliokuwa maadui wa mfalme, nao walimwita Kserkse. Ardeshir wakamwita Artakserkse, Dariush wakamwita Dareio. Kwa miaka ishirini na sita Mahpareh alitamka hivyo hivyo, akiwacheka wazee kimoyomoyo.

Mwaka wa ishirini na saba kicheko kilimkauka. Jumatatu alisema Kserkse, na alipofika kwa mwoka mikate, mtu aliyemjua tangu utotoni, jina la mtu huyo halikuwepo kichwani mwake. Jumanne alisema Artakserkse, likaenda jina la kaka yake. Hakulisahau, lilikuwa limeng'olewa, na mahali lilipokuwa alihisi baridi. Usiku huo alirudia jina la Golnar, binti yake wa pekee, hadi akapitiwa na usingizi.

"Dada, pumzika leo," Bahman, mlinzi wa lango la makaburi, alimwambia Jumatano asubuhi.

"Na basi zima la wageni nimwachie nani? Wewe unayesalimia watu kwa kikohozi tu?"

Aliapa kutamka majina ya kwao tu. Mbele ya kaburi la mwisho akasema, "Dariush." Wageni wakatazamana, wakafungua vitabu vyao, na mmoja akasoma kwa sauti: "Dareio!" Wengine wakaitikia kwa furaha, watu ishirini, na mwamba ukarudisha sauti zao.

Upepo ukakatika. Mahpareh akaisikia ile baridi ikipapasa kichwani mwake, taratibu, ikichagua. Ikasimama kwenye jina la Golnar.

"Huyo hapana," akanong'ona. "Wageni nimewaleta mimi. Chukua jina langu."

Alikimbia hadi nyumbani. Binti yake alikuwa jikoni akichambua mchele.

"Golnar!" Jina lilitoka zima. Akalirudia mara tatu huku akilia kwa raha.

Binti akacheka, akajifuta mikono, akamtania kwa jina wamwitalo wageni. "Karibu nyumbani, Bibi Mahpareh! Mbona machozi?"

Mama akageuka kutazama mlangoni, amwone huyo mgeni mwenye jina hilo aliyeingia nyuma yake.