Nafasi ya Nyanya Kando ya Lusiola

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi Qatar, alinipigia simu. "Senge, kuna nyumba imetangazwa Mayoni. Enda uniangalilie na macho yako, hizi picha zinadanganyanga." Nikachukua daftari, kalamu na utepe wa kupimia, nikaenda. Dalali alinielekeza hadi kwenye lango jeusi la chuma. Niliposimama nje nikatazama jinsi ardhi inavyoteremka kuelekea mtoni, na jinsi barabara inavyopinda pale juu, nikajua niko wapi. Lilikuwa boma letu. Nilingoja nishtuke, lakini sikushtuka. Niliandika tu tarehe juu ya ukurasa.

Wewe uliyekulia kwenye miwa hutahitaji nikueleze sana. Majivu meusi ya miwa iliyochomwa yalitua juu ya nguo tulizoanika, tukazifua tena. Harufu ya molasi iliingia hadi kwenye obusuma, ugali wetu. King'ora cha kiwanda ndicho kilichokuwa saa yetu: kikilia cha asubuhi, mimi na dada yangu tulikuwa tayari tumeteka maji; kikilia cha mchana, mboga ya mrenda ilipaswa kuwa jikoni. Jumamosi nyanya alitufundisha kusiliba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, tukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni ili tusiache alama za miguu. Alikagua kwa kuinama kabisa, shavu karibu na sakafu. Akiona wimbi hata moja, tulianza upya.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mwenye redio. Yeye ndiye aliyetuletea habari kwamba bei ya sukari inaamuliwa na watu wa mbali, ambao hawajawahi kukanyaga shamba la miwa. "Wakipandisha huko London," alimwambia baba, "hapa hata choo kitapangishwa." Tulicheka, kisha tukaona mwenyewe akihamisha mbuzi wake, akapiga zizi lipu, akawapangishia wakataji miwa. Walikuja watu kutoka kila upande: mafundi, madereva wa trekta, makarani, hata wahandisi Wazungu waliotafutiwa nyumba za bati zenye madirisha makubwa. Kila aliyefika alihitaji mahali pa kulala, na kila mwenye ardhi karibu na barabara ya trela alianza kuitazama ardhi yake kwa jicho jingine.

Nyanya alikuwa na neno lake: "Sukari ni mgeni. Mpe kiti, usimpe kitanda." Baba alimsikia, lakini alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, vita vilikuwa vimepita na watu walikuwa wakiuza kwa bei ya kutupa. Ukiuza boma moja la Mayoni, ungepata huko shamba mara nne, na nyumba ya matofali juu yake. Wengi walikuwa wanavuka. Wajomba zetu wawili walikuwa wameshavuka.

Nyanya hakupinga kuhama. Alitaka jambo moja. Babu alizikwa nyuma ya jikoni, na kichwani pake palipandwa mti wa lusiola, kwa sababu siku hizo hatukuweka saruji juu ya kaburi. Kando yake paliachwa wazi. Watoto wote tulijua ni pa nani, na hatukuchezea hapo. Nyanya alitaka nafasi hiyo ibaki yake, hata boma likiuzwa.

Mnunuzi alikuwa fundi wa kiwandani, mtu wa kanisa letu. Siku ya kuandikiana tuliketi sebuleni, mimi nikigawa chai. Karani alisoma mipaka, akasoma majina, kisha akainua macho. "Kuna sharti lolote mnataka niandike?"

Hakuna aliyejibu. Baba alitazama kikombe. Fundi alitazama viatu vyake. Unajua sababu: kaburi la mtu anayetembea halitajwi, seuze kuandikwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri. Ni kama kumwita alale. Baadaye, uani, fundi alimshika nyanya mkono, akasema, "Kukhu, mimi nimeelewa. Pale hapaguswi." Nyanya akamjibu, "Mungu akuweke." Mkataba wetu ulikuwa huo. Nyanya mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya karani na angeweza kusema. Nimefikiri juu ya hilo kwa miaka mingi, na sidhani alisahau. Aliogopa kama sisi.

Tulipohama, nyanya alibeba mafiga yake matatu. Mimi nilipakata moja, zito na jeusi kwa masizi. Mpakani Busia afisa wa upande wa pili aliyaona.

"Mama, kwani huku kwetu hakuna mawe?"

"Yako mengi," nyanya akasema. "Lakini hayanijui."

"Basi hayo yanalipiwa ushuru wa kujuana."

"Nilipie na nini? Hii mawe inajua kupika tu. Kuja jioni ukule."

Afisa alicheka hadi akaegemea mlango wa gari, akatupungia tupite. Ndiyo mara ya mwisho ninayomkumbuka nyanya akifanya mzaha. Kule ng'ambo alipika kwenye mafiga hayo, alilima, alisali, lakini jioni aliketi akitazama tulikotoka.

Alifariki baada ya miaka minne. Baba alitangulia Mayoni kuandaa kaburi. Aliporudi alieleza kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza hali ya barabara. Fundi alikuwa ameuza na kuhamia Lugari kulima mahindi. Hakumwambia mnunuzi wa pili habari za nafasi ya nyanya, maana wakati huo naye aliona haya kumtaja mtu aliye hai. Lusiola lilikuwa limekatwa, likawa boriti. Vyumba vya kupangisha vilikuwa vimejengwa safu moja. Mlinzi alimwambia baba, "Mwenyewe yuko Uingereza, mzee. Mimi nafunguanga tu lango." Baba alimwandikia mwenyewe barua. Maiti haiwezi kusubiri barua. Tulimzika nyanya ng'ambo, mwisho wa shamba, kati ya watu waliomjua kama mama mgeni anayependa kusiliba.

Hayo yote niliyakumbuka nikiwa nimesimama na utepe wangu. Safu ya vyumba imeshabomolewa. Sasa kuna nyumba ya ghorofa moja, yenye vigae na maegesho ya matofali ya saruji. Nilipima vyumba vyote, nikafungua kila bomba. Kisha nikatafuta alipo babu. Nilijua ni hatua saba kutoka mlango wa jikoni, lakini hatua za mtoto, na mlango wenyewe haupo. Nilikadiria ni chini ya maegesho.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu, nikamweleza. Akasema, "Nanunua, Senge. Waambie waandike hiyo ya kaburi."

Nikaandika mstari mmoja kwenye daftari, nikamwonyesha dalali. Aliusoma kwa heshima. "Shangazi, ukiandika kaburi bei inaanguka. Na huyu mwingine hataki maneno mengi." Mwingine yupi? Akanigeuzia simu. Mtu wa kwetu anayeishi Minnesota, Marekani, ambaye hajawahi kuiona nyumba isipokuwa kwenye video, alikuwa amekubali bei kamili wakati mimi nikipima choo. Mwenye kuuza naye yuko Uingereza bado. Watu wawili walikuwa wamemalizana juu ya babu yangu, na katika boma lenyewe tulikuwepo mimi, dalali na mlinzi.

Nilimweleza mtoto wa kaka yangu kwamba amechelewa. Akasema pole, kana kwamba ni mimi niliyekosa nyumba.

Dalali alinisindikiza hadi langoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia nisikate tamaa. Kama familia inatafuta, ng'ambo ya Busia bado bei iko chini. "Ama hamna mtu wenu huko wa kuwashikia mahali?"

"Yuko," nikamwambia. "Ameshika kitambo."

Akaniomba namba yake ya simu.