Kipaji cha Dafrosa

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyopenda kuikumbuka. Ikinijia nikiwa mbele za watu huinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, hata kama nimevaa ndala. Sijawa mzee wa kutoa nasaha. Magoti tu ndiyo yaliyotangulia. Lakini kosa lenyewe limeshakomaa, na kosa likikomaa bila kusimuliwa, mwenyewe huanza kuliita busara.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa historia chuo kikuu, nimerudi likizo nyumbani Bombambili, Songea. Wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam kurekodi hadithi ya Maji Maji pale Mshangano, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Walitaka kijana anayejua mambo ya enzi za Mjerumani. Nikajitokeza. Malipo yalikuwa chakula cha mchana na cheo: Mshauri wa Historia. Nilibishana na fundi cherehani asubuhi nzima juu ya vifungo vya koti la askari. Nilimsomesha kila aliyesimama karibu habari za hamsa ishirini, yaani vile viboko ishirini na vitano vya Mjerumani: jinsi mtu alivyolazwa, jinsi vilivyohesabiwa. Mimi mwenyewe kiboko cha mwisho nilikula darasa la saba, na nililia.

Nyota wa filamu hiyo aliitwa Zaituni, binti wa mkulima wa korosho kutoka Namasakata, Tunduru. Siku hizo kanda zake za video zilikuwa katika kila nyumba yenye televisheni, na watu walipanda baiskeli kutoka mjini kuja kumtazama akinywa chai. Aliigiza mke aliyefukia ulezi wa familia ardhini, maana askari walikuwa wakichoma maghala ili njaa imalizie kazi ya bunduki. Katika onyesho kubwa askari wanakuja, wanautafuta ulezi, wanawapiga wanawake. Wanawake wa kupigwa pamoja naye tuliwachukua palepale Mshangano, kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa Dafrosa, mama wa watoto watatu, mkimya, wa kujibu salamu huku akitazama vidole vya miguu.

Viboko vilikuwa vya sponji iliyopakwa rangi. Kamera ilipowashwa, wanawake kumi na mmoja walianguka kama watu wanaotekenywa. Askari mmoja, ambaye siku nyingine zote alikuwa fundi baiskeli wa mtaani kwao, aliambiwa wazi na mmoja wao, "Wewe Nestori, nikikukosa hapa nitakupata kanisani Jumapili!"

Dafrosa hakucheka. Nestori alinyanyua mkono tu, hata hajamfikia, na mwanamke yule akawa ameshuka chini kwa ubavu. Magoti yalikuja tumboni, kiwiko kikafunika sikio, pembe ya kaniki ikaingia kati ya meno. Hakutoa sauti. Sponji ikamgonga mara tatu, mara nne. Nestori alipoacha, Dafrosa akainuka haraka, akaanza kuzoa ulezi uliomwagika, huku akisema polepole, "Nisamehe, baba. Nimekosa, baba."

Maneno hayo hayakuwamo katika maandishi yetu.

"Kata!" mwongozaji alipaza sauti. "Mmemwona? Nani kamfundisha huyu?"

Nikafungua daftari nikaandika neno moja: kipaji. Nikalipigia mstari. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mimi niliisifu nikiwa chini ya paa.

Zaituni hakupiga makofi. Alikwenda akakaa chini kando ya Dafrosa, wakala mhogo wa kuchemsha. Kisha akamwendea mwongozaji.

"Onyesho lile sirudii."

"Dada Zai, si limetoka vizuri?"

"Yule hakuwa anaigiza."

"Basi ndiyo uigizaji wenyewe huo!"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa nilitaka mwongozaji anipende.

Mwongozaji akaamua Dafrosa aongezewe sehemu, awe na maneno yake. Akanituma mimi, mwenyeji na msomi, nikamwombee ruhusa kwa mumewe. Mume aliitwa Kosmas, mfyatua matofali, mtu wa heshima zake, mwimbaji wa kwaya. Nilimkuta tanurini, nikampa shikamoo. Akanikalisha kwenye kigoda, akanimiminia togwa. Nikataka kumfurahisha.

"Kaka, una mke hodari," nikasema. "Kupigwa anakujua! Hata kaniki anaing'ata mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Na ile 'nisamehe, baba' yake, watu waliduwaa."

Kosmas alitabasamu. "Aliyasema hayo mbele za watu?"

"Mbele za watu wote!" nikajibu, nikamaliza togwa.

"Basi vizuri. Nitaongea naye."

Nikaondoka nikipiga mluzi, mwanangu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikuwa nimeuendea mtungi wa watu nikaupiga teke, kisha nikashukuru kwa togwa.

Asubuhi iliyofuata Dafrosa hakutokea. Zaituni, aliyekwisha kuvikwa kaniki na kupakwa majeraha ya rangi usoni, akaniuliza nilimwambia nini mume. Nikamweleza, bado nikitarajia sifa. Akashika njia kama alivyo, nami nikamfuata nikikokota baiskeli.

Mlangoni kwa Dafrosa alikaa mama mkwe.

"Shikamoo, mama. Tumemfuata Dafrosa."

"Marahaba. Hawezi. Ameanguka kisimani." Akamtazama Zaituni kuanzia kichwani. "Na mambo ya nyumba hii yanakuhusu nini, mcheza sinema?"

"Hayanihusu, mama. Lakini hata aliyeanguka kisimani hutibiwa."

Mama mkwe akasogeza miguu. Tukaingia. Dafrosa alikuwa amelala mkekani, mkono wa kushoto umevimba na kupinda mahali pasipo kiungo, jicho moja limefunga. Tulimpandisha kwenye keria ya baiskeli yangu, mimi nikisukuma, Zaituni akimshika kiuno, mama mkwe akitufuata hatua ishirini nyuma ili habari ya kisima isipotee njiani.

Tulianzia polisi, maana bila fomu yao hospitali hawamgusi aliyepigwa. Pale kaunta alikuwapo askari kijana. Alipotuona uso ukamchanua.

"Dada Zaituni! Mnarekodi hapa? Kamera iko wapi?" Akawaita wenzake. Wakatoka, wakamzunguka Zaituni, wakayastaajabia majeraha yake. "Aisee, kama kweli vile! Nani kakufanya hivi, dada? Tumkamate?"

Wakacheka. Dafrosa alikuwa ameegemea ukuta, ameng'ata pembe ya kanga yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwona.

Zaituni alichovya pembe ya kaniki kwenye ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni, akajifuta shavu, akajifuta paji la uso, mpaka majeraha yote yakaisha. Akawaonyesha kitambaa.

"Yangu ni rangi. Sasa mtazameni huyu."

Kicheko kikakatika. Yule kijana akachukua kalamu, aibu imemjaa. "Mama, imekuwaje?"

"Ameanguka kisimani," mama mkwe akadakia kutoka mlangoni.

Askari akasubiri. Dafrosa alimtazama mama mkwe, akanitazama mimi. Nilijua hesabu aliyokuwa akiipiga: akisema, hana pa kulala jioni ile, asiposema, anarudi kwenye mkeka uleule. Nilikuwa nimemfikisha hapo kwa ulimi wangu, na ulimi huohuo sasa ulikuwa umekauka.

"Nilikofikia pana kitanda cha pili," Zaituni alisema, kana kwamba anataja bei ya nyanya.

Dafrosa akatoa kanga mdomoni. "Sikuanguka," akasema. "Andika hivyo. Sikuanguka."

Askari akaandika. Kisha akauliza kama yupo anayejua ugomvi ulianzia wapi. Nikasema ni mimi, nikarudia pale kaunta kila neno nililomwambia Kosmas, pamoja na "mbele za watu wote". Sijawahi kutoa mhadhara mfupi kama ule.

Tulipotoka hospitali Zaituni ndipo alipozungumza nami. "Mdogo wangu, viboko vya watu waliokwisha kufa umevisoma kimoja kimoja. Cha aliye hai kimepita mbele ya macho yako, umekiita kipaji."

"Sikujua, dada."

"Hukujua. Lakini mumewe ulikuwa na mdomo wa kumwendea. Yeye mwenyewe ulishindwa nini kumwuliza?"



Filamu ilimalizwa na mwigizaji mwingine, na vifungo vya makoti vilikuwa sahihi. Zaituni hakurudi Dar es Salaam. Alipanga nyumba ya vyumba vitatu Songea mjini, akaanza kupokea wanawake, na baadaye watoto, kuwasindikiza polisi, hospitali na mahakamani. Watu walisema amechanganyikiwa, wengine wakasema anatafuta sifa. Aliniambia mwenyewe sababu: "Nilifundishwa kuigiza maumivu mpaka watu walie. Siku ile pale kaunta nikaona ya bandia yakitazamwa kwanza. Nikaona nimemzibia mtu njia." Kosmas alifungwa, akatoka, akarudi kwenye kwaya. Dafrosa hakurudi kwake. Mkono wake uliunga vibaya, hauinuki kupita bega. Watoto wamekua. Sisemi kwamba mambo yalikwenda vizuri; nasema yuko hai.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, uichukue ilivyo. Ukimwona mtu anajua mno kuvumilia, usimpigie makofi. Ustadi ule ameulipia mahali. Muulize yeye, kwa faragha, na akinyamaza usimlazimishe, ila ajue upo. Habari yake usiipeleke kwa yule anayemwogopa, hata kwa nia njema, kwa maana nia yangu ilikuwa njema kabisa. Ukiambiwa ameanguka, usibishane mlangoni. Mpeleke akatibiwe, ukweli utapata pa kusemea. Na ukikosea, litaje kosa lako pale linapoweza kumsaidia aliyeumia, hata kama litakuaibisha. Aibu yangu ya dakika kumi ilimfaa Dafrosa kuliko elimu yangu yote.

Mungu akujalie jicho linaloona na ulimi unaongoja. Akupe nyumba yako mwenyewe, na akupe wa kuishi nao. Na jioni mlango wa nyumba hiyo ukifungwa, asiwepo ndani yake hata mmoja anayeshtuka.