Diski Gani Hiyo?

Iko siku moja ya Kitengela ambayo kila ninapoikumbuka, mwanangu, vidole vyangu hutamani kibodi.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa inaanza. Nilikuwa nimemaliza sekondari juzijuzi tu, nikapewa kazi ya kutunza hifadhidata ya chama cha wafugaji. Kila ng'ombe wa mwanachama alivaa hereni ya plastiki yenye namba, na kompyuta ndiyo iliyojua namba ile ni ya nani. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya miaka ya tisini, diski imejaa mpaka ufute barua moja ndipo uandike nyingine. Ukiitafuta namba, ilipitia rekodi moja baada ya nyingine, Kisaju mpaka Kiserian, nami nikinywa chai nikisubiri.

Kisha ikaja mashine mpya. Diski yake ingeimeza ile ya zamani na kubaki na njaa. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikahamisha kila kitu vilevile kilivyokuwa, nikajipangusa mikono.

Wiki hiyohiyo Mama Naserian, mjane wa Kisaju, aliingia ofisini na vumbi la barabara ya Namanga. Wezi walikuwa wamepitia boma lake na maboma ya jirani. Mwenyekiti wetu alikuwa amelipata lori huko Kiserian, limejaa ng'ombe, dereva ana haraka ya kufika machinjioni. Polisi aliyekuwapo alisema kila ng'ombe ambaye mwenyewe atajulikana atashushwa, na wengine waende.

Mwenyekiti akaanza kunisomea hereni kwa simu. Mashine ikapekua rekodi zote kwa namba ya kwanza, ikarudi mwanzo kwa ya pili. Ilikuwa na kasi kuliko ile ya zamani, lakini tulipofika ya tatu nikasikia kwenye simu lori likiwashwa. Mama Naserian alisikia pia. Alishika ukingo wa meza yangu tu.

Mkubwa wangu, Madam Nekesa, mama wa Bungoma aliyepanga hapo Kitengela, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kijana, faharasa ya namba iko wapi?"

Faharasa, mwanangu, ni orodha iliyopangwa inayoielekeza mashine moja kwa moja, isipekue kila kitu. Nikamjibu kwamba hatujawahi kuwa nayo, kwa sababu diski imejaa.

"Diski gani hiyo?"

Nikatazama pembeni. Ile kompyuta ya zamani ilikuwa sakafuni, imechomolewa, mtu ameshaweka birika juu yake.

"Umehamia nyumba ya vyumba vitatu," akasema, "na bado unalala jikoni na kuku. Itengeneze sasa hivi."

Tukamwomba mwenyekiti amcheleweshe dereva kidogo. Akamsalimia. Na salamu za Kimaasai ukishazianza hazikatwi njiani: watu, watoto, mifugo, mvua ya kwenu. Dereva alikuwa bado anajibu habari za mvua faharasa ilipokamilika.

Basi tukaruka! Mwenyekiti akitaja namba, mimi nataja jina kabla hajavuta pumzi. Alilibeba lile lori lote mdomoni kama mnadi wa soko. Kila jina lilipokuwa la Mama Naserian, yeye alinirekebisha kwa jina la ng'ombe mwenyewe, maana namba hakuzijua hata moja. Wa mwisho kushushwa alikuwa ng'ombe wake wa maziwa.

"Kijana," akasema, akiachilia meza, "hiyo kitu yako iko na macho."

Tangu hapo nimetangatanga, mwanangu, kazi hii na ile, mji huu na ule, na kila nilikofika nimekuta mashine kubwa zaidi. Bado moyo hunidunda zikifunguliwa kwenye maboksi. Lakini mazoea yana taabu. Mashine mpya ikija, usiiwekee tu data yako na kuondoka. Kaa nayo, ujiulize ni ujanja gani wako uliozaliwa na umaskini wa ile ya zamani, kisha uuache ufe. Ila uangalifu usiuache: namba iliyoandikwa vibaya, diski kubwa itakupotosha nayo haraka zaidi.

Enkai, Mungu wa Wamaasai, akupe mashine pana kuliko hofu yako, na ng'ombe wa jirani warudi nyumbani kwa mkono wako.