Jiko la Chini la Agar Kahongya

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeifunika Butembo, mashariki mwa Kongo. Agar Kahongya anatambaa kuingia jikoni, kandambili amezivaa mikononi. Mbele ya mafiga, Paulin anapambana na bugali. Ana mkono mmoja tu. Kila akisonga, sufuria inazunguka pamoja na mwiko. Jirani mmoja anainuka kumsaidia.

"Hapana kumusaidia!" Agar anasema. "Mumuache kwanza."

Paulin anaibana sufuria kwa vijiti viwili, anavikanyaga, anasonga tena. Safari hii sufuria inatulia.

Agar, mwenye miaka 41, alipooza miguu utotoni, huko Kayna. Akiitaja Kayna, sauti yake inashuka. Anaikumbuka harufu ya maharage mabichi na jiko la mama yake, aliyeyafukia mafiga chini kabisa ili binti yake ayafikie.

"Mama alikuwa nasema, 'Siku moya nitakufa. Utakula nini?' Nililia, lakini nilipika. Siku baba alisifu sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, bila kujua ni yangu, mama alicheka mupaka machozi."

Mama alikwisha kufariki mapigano yalipofika, mwaka 1999. Muyisa, jirani asiyeona, alimpakia Agar kwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma mizigo. Muyisa alisukuma, Agar akamwelekeza njia, wakapita Alimbongo hadi Butembo.

Ndugu zake walimpokea vizuri, kupita kiasi.

"Balinilisha kama mutoto. Hata nguo yangu balikataa nifue. Balinipenda sana, basi nilianza kufa."

Mwaka uliofuata, kwa sweta alizofuma yeye na vikapu alivyosuka Muyisa, walipanga nyumba hii ya vyumba viwili. Wenye ulemavu wakaanza kuja, wengine wakiwa wameumizwa na vita. Hapa hujifunza kupika, kufua, na kwenda sokoni kubishana bei wenyewe.

Paulin alipigwa risasi njia ya Beni, kisha akalishwa na shemeji yake kwa miezi mingi. Sasa anaonja alichopika.

"Iko na mabonge," anasema, akitafuna taratibu. "Lakini ni yangu."

Wiki ijayo anarudi Beni kupanga chumba chake.

Vita vinavyoendelea vikiisha, Agar anataka kufungua nyumba nyingine Kayna. Na hii ya Butembo je, haitajaa watu?

"Sitaki ijae," anajibu. "Nataka batu batoke hapa. Kila mutu afunge mulango yake, na ufunguo yake."