Mlango wa Hapana

Malachy Furey ni bawabu wa ukumbi wa mdahalo hapa chuoni, Galway, mwaka wa ishirini na sita sasa. Wanafunzi wa jumuiya ya mdahalo, iliyoanza kabla babu zao hawajazaliwa, wana midomo kama cherehani na hawaaminiani hata kidogo. Ndiyo maana kura huhesabiwa na sisi mabawabu wawili. Wanaokubali hoja hutokea mlango wangu, wanaoikataa hutokea kwa Malachy, naye humgusa kila mmoja begani. Kura zikilingana, hoja imeanguka.

Mwaka jana mwenyekiti alikuwa Sorcha, binti yake wa pekee. Malachy alinichosha kwa majisifu. Kisha Sorcha akakatiza mdahalo uliogeuka matusi, na wapinzani wake wakaleta hoja ya kumng'oa kitini. Kanuni ya siku kama hiyo inajulikana: anayeshtakiwa hukaa benchini na hapigi kura.

Walizozana saa mbili. Kura ilipoitwa watu wakasukumana kutoka, na Sorcha, kwa mazoea ya miaka mitatu, akainuka akapita mlango wa baba yake pamoja na wenzake. Nilimwona. Mwenyewe wala hakugundua.

Desturi ni mimi kusoma kwanza. Nikasoma: themanini na saba. Malachy akanitazama, na usoni mwake nikajua naye amepata hizo hizo. Nilimwomba Mungu amfumbe mdomo, na sioni haya kulisema. Nani angejua?

"Themanini na sita," akasema.

Kijana mmoja wa upande wa Sorcha akamrukia. "Mzee, acha hizo. Mimi nimehesabu themanini na saba."

"Umehesabu sawa. Mmoja hakuwa na haki ya kupita."

"Nani huyo?"

"Binti yangu."

Sorcha alivua joho la uenyekiti, akaliacha kwenye kiti cha mwenyekiti, akatoka bila kumtazama baba yake. Malachy akaniambia hasira za yule mtoto hazimalizi wiki.

Alhamisi iliyofuata alirudi, mwanachama kama wengine. Alisimama akaipinga hoja ya siku hiyo kwa dakika saba, hadi nikasisimka. Kura ilipoitwa, Malachy alikuwa ameshainua mkono kumgusa. Sorcha akageuka, akaja kutokea mlango wangu, mlango wa ndiyo.

Nikamhesabu.